BETRI YA TATU YA NINI? TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE!

Ndugu wanachama,

Jumamosi hii mkutano mkuu utaombwa kupitisha fedha za kununua betri ya tatu ya pikapu yetu ya maziwa. Ya kwanza ilinunuliwa mwezi wa pili, ya pili mwezi wa sita, na sasa tunaambiwa hata hiyo imekufa. Wengine wameanza kunong'ona kwamba dereva aachishwe kazi. Wengine wanataka gari liuzwe kama chuma chakavu. Sisi wa ubao huu tunasema HAPANA kwa yote matatu, na sababu zetu tunaziweka hapa wazi, ili kila mtu asome kabla ya kunyoosha mkono.

Kwani fedha hizo ni za nani? Ni senti zinazokatwa kwenye kila lita yetu. Na maziwa yaliyoganda siku gari lilipogoma ni ya nani? Ni ya mama aliyeamka saa 10 usiku kukamua. Maziwa hayangoji fundi, jamani.

Wapo wanaosema, "Gari ni la zamani, ndivyo lilivyo." Ni kweli lilitufikia likiwa limeshatumika. Lakini uzee si ugonjwa usiojulikana. Gari la zamani lina waya zilizochoka, vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe, na viraka vya mafundi kumi waliopita. Vitu hivyo vinaonekana kwa macho na vinapimika kwa mita. Anayesema "ndivyo lilivyo" hajafungua boneti.

Tuelewane kwanza. Betri haizalishi umeme wa gari. Betri ni ghala. Shamba ni altaneta, ile inayozungushwa na mkanda injini ikiwaka. Mla mkubwa ni selfu, ambayo kwa sekunde chache hula ampea 100, 200 na hata zaidi. Sasa ghala likikutwa tupu, mtu mwenye akili huuliza: Je, shamba linazaa? Je, mzigo unamwagika njiani? Je, kuna panya anayekula usiku? Na mwisho kabisa: je, ghala lenyewe limetoboka? Gereji ya mjini, ambayo hatutaitaja, haikuuliza hata swali moja. Mara mbili ilisema, "Leteni betri mpya," na mara mbili sisi tukalipa.

Basi wiki iliyopita tulipima, akiwepo dereva, katibu, na kijana wetu anayetengeneza redio. Mita yake ni ndogo, inaingia mfukoni, na bei yake si kitu ukilinganisha na betri. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

GHALA. Betri ilichajiwa usiku kucha, ikapumzishwa saa kadhaa. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12 au chini ya hapo ni kama tupu. Yetu ilisoma 12.6. Halafu tulizuia injini isiwake, tukapiga selfu. Betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi wakati huo. Yetu ilisimama 10.4. Basi betri hii mnayotaka kuizika ni nzima!

SHAMBA. Injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri pasomwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Pakisomwa 12 tu, altaneta haizalishi, au mkanda unateleza. Pakizidi 15, inapikwa betri. Yetu ilisoma 14.1. Altaneta ni nzima pia.

NJIANI. Hapa ndipo penye maneno. Tuliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, dereva akapiga selfu. Njia nzima hapo isingetakiwa kusoma hata nusu volti. Ilisoma 1.4! Yaani betri inatoa 10.4, selfu inafikiwa na 9 tu. Mzigo unamwagika kwenye waya mmoja wa hasi ulioliwa na kutu pale unapofungwa kwenye injini. Na hapa kwetu milimani, mwezi wa saba asubuhi, oili ni nzito na betri yenyewe hupungukiwa nguvu kwa baridi. Selfu yenye njaa italizungushaje injini? Inalia "ta! ta! ta!" na utingo anaambiwa asukume.

PANYA. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, tuliufungua waya wa hasi tukaiunga mita katikati, tukangoja kidogo. Gari lililolala lisile zaidi ya ampea 0.05 hivi. Letu lilikuwa linakula ampea 0.4. Tukachomoa fyuzi moja moja, mita haikutikisika. Basi mlaji hakupitia kwenye fyuzi hata moja. Tulifuata waya ngeni kutoka kwenye betri, tukafika kwenye kikuza sauti cha redio, kimefichwa nyuma ya kiti, kimeungwa moja kwa moja na betri. Ukizima redio kwa kitufe, chenyewe kinaendelea kula.

Hebu fanyeni hesabu. Jumapili mnunuzi hapokei maziwa, gari linalala. Kuanzia Jumamosi saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 11 alfajiri ni saa 35. Mara 0.4 ni ampea-saa 14. Betri yetu ni ya ampea-saa 50. Zaidi ya robo imeliwa bila gari kusogea hata hatua moja. Angalieni daftari la mapokezi: gari limegoma siku gani zaidi? Jumatatu! Wengine walisema ni mkosi wa Jumatatu. Mkosi gani wenye waya mwekundu?

Sasa jibuni wenyewe: betri ya tatu ingefanya nini? Ingewasha gari wiki chache kwa sababu ya upya wake, tukashangilia. Halafu panya yule yule angeila, na waya ule ule ungeipotezea nguvu, na mwakani tungeombwa fedha za betri ya nne. Betri inayomalizwa mara kwa mara huharibika ndani na haijazi tena kama zamani. Ndivyo ile ya kwanza ilivyouawa. Haikuwa feki, na dereva hakuiua.

Kuhusu dereva tuseme wazi. Mtu huyu hakuunga redio ile. Tulinunua gari likiwa nayo. Kumfukuza yeye ni kumpiga punda kwa sababu gurudumu la mkokoteni limevunjika.

Wenzetu wengine wanasema, "Mambo ya mita ni ya wataalamu." Sivyo. Hata asiye na mita ana taa za mbele. Ziwashe, piga selfu. Zikififia sana au zikizimika, chunguza betri na maungio yake. Zikibaki kali na selfu ikagonga mara moja tu, tazama selfu yenyewe na waya zake. Zikibaki kali na hapana mlio wowote, tafuta kwenye swichi ya ufunguo, relei au waya mwembamba unaoiamrisha selfu. Kujua hivyo tu kunamzuia fundi wa kubahatisha kutuuzia asichokijua.

Na jambo moja la hatari. Kwenye sanduku la fyuzi tulikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imewekwa mahali pa fyuzi. Ndugu zangu, fyuzi ikiungua inatuambia kuna kosa. Ukiziba mdomo wake, waya ndiyo itakayoungua, na gari na maziwa pamoja nayo. Karatasi hiyo tumeiondoa na kumkabidhi katibu ailete mkutanoni.

Hatusemi betri haifi. Inakufa, na baada ya miaka michache hii nayo itakufa. Siku itakapochajiwa ikajaa, ikapigwa selfu na kushuka chini ya 9.6, sisi tutakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Lakini namba ije kwanza, fedha zifuate.

Kwa hiyo Jumamosi tunaomba mkutano uamue haya:

1. Ombi la betri ya tatu likataliwe.

2. Ununuliwe waya mmoja mnene wa hasi na fyuzi za ampea sahihi. Maungio yote yasafishwe kwa maji ya moto yenye magadi, yasiingie ndani ya betri, yakaushwe, yakazwe, yapakwe grisi. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na ufungwe mwisho. Asivute mtu sigara karibu, betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

3. Kikuza sauti kile king'olewe. Atakayetaka muziki aimbe.

4. Ushirika ununue mita yake, na gari liwe na daftari lake. Kila Jumatatu dereva aandike volti kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha, katibu atie sahihi.

5. Fundi yeyote atakayesema "nunueni" aandike kwanza alichopima.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu imepotea mara mbili, ndugu wanachama. Ya tatu tuikatae kwa mikono yetu wenyewe Jumamosi, saa 4 asubuhi, hapa hapa ghalani. Njooni wote, na wenye maoni tofauti waje na namba zao.

Ushirika ni nguvu!

Ni sisi wenzenu,
Wanachama wa Ubao