Kishikwambi na ilimba, nani amfuate mwenzake?

WAKATI mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 ukiwa umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule za msingi, walimu wengi mkoani Dodoma wana kifaa ambacho watangulizi wao hawakukiota: kishikwambi. Vingi ni vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo Serikali iliamua vigawiwe kwa walimu baada ya kazi hiyo.

Kifaa hicho kina kinasa sauti, kina kamera, na kinaweza kuwekewa programu za kutunga muziki. Kwa shule isiyo na kinanda wala gitaa, hilo si jambo dogo. Lakini kwa Dodoma, nyumbani kwa Wagogo ambao uimbaji wao wa sauti nyingi umewavuta watafiti kutoka mbali, lipo swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: mashine hiyo itafundisha muziki wa nani?

Tatizo limo katika sauti zenyewe. Programu nyingi za bure huja zikiwa zimepangwa kwa kipimo cha kinanda cha Kizungu, chenye hatua 12 zilizo sawa. Ilimba na zeze za Wagogo hufuata kipimo kingine, kinachotokana na sauti za asili za uzi unapotetema kwa sehemu zake: nusu, theluthi, robo na kuendelea. Sauti ya sehemu ya saba, ambayo ndiyo hasa inayoupa muziki huo ladha yake, haipo kwenye kinanda. Iko chini ya kitufe kilicho karibu nayo kwa takriban theluthi moja ya nusu toni.

Hivyo mtoto aliyekulia Nzali au Mvumi akisikia nyimbo za muheme za mama yake, akiingia darasani ataambiwa na mashine kwamba sauti yake imepotoka. Na mwalimu, ambaye huenda alipangiwa kazi Dodoma akitokea Kagera au Kilimanjaro, hatakuwa na sababu ya kuibishia mashine.

Si kwamba ilimba na mitambo ni maadui. Marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa Kigogo aliyefariki dunia Desemba 2003, alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002 akishirikiana na Michael Brook wa Canada, na humo ilimba ikachanganywa na magitaa na mitambo ya studio.

Manufaa makubwa ya kishikwambi, basi, yako kwenye kunasa kuliko kwenye vinanda vyake vya kuchora. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika akirekodi ngoma, zikiwamo za Wagogo, alihitaji gari na mitambo mizito, na kanda zake sasa zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na mwalimu wa darasa la nne, na rekodi ikabaki kijijini.

Wimbo ukishanaswa, unaweza kupunguzwa kasi ili wanafunzi washike sauti moja baada ya nyingine. Aidha, kila ulimi wa ilimba unaweza kunaswa peke yake, kisha watoto wakatengeneza mdundo kama wafanyavyo vijana wa Bongo Fleva. Kompyuta moja yenye Audacity, programu isiyolipiwa, yatosha kwa kazi hiyo, nayo haimlazimishi mtu kipimo cha kinanda. Mzee aliyepiga aombwe ridhaa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua pia kazi za jadi.

Pa kuanzia hapako mbali. Vikundi vya ngoma kutoka vijijini hukutana Chamwino katika Tamasha la Muziki wa Wagogo, lililoasisiwa na Dk Kedmon Mapana, ambaye amefanya utafiti kuhusu namna watoto wa Kigogo wanavyorithi muziki. Wapiga ilimba huwa pale, na walimu wa mkoa huu wanaweza kwenda na vishikwambi vyao.