Tume ya Mtu Mmoja

Hapa Muheza, mkulima wa machungwa hamwachii mnunuzi ahesabu peke yake, anajua atapunjwa. Mbona basi tunaiachia Ikulu hesabu iliyo nzito zaidi, yaani uteuzi wa majaji?

Ibara ya 109 ya Katiba ya 1977 inampa Rais mamlaka ya kuteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mtaniambia: Tume si ipo? Ipo, lakini someni ibara ya 112. Wajumbe wake sita, akiwamo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wote ni wateule wa Rais. Huko ni kushauriana na kivuli chake mwenyewe.

Sisemi majaji wetu hawana uadilifu. Nasema haki haipaswi kutegemea bahati ya kumpata jaji jasiri. Mwanakijiji anayeidai Serikali ardhi yake katika Mahakama Kuu, Tanga, asilazimike kujiuliza ni mkono wa nani uliompandisha jaji kitini.

Wakenya, kwa Katiba ya 2010, walimfunga Rais wao kwa mapendekezo ya Tume. Uhuru Kenyatta aliipinga orodha ya majaji 41 ya mwaka 2019. Mwaka 2021 akateua 34, akawakataa sita. Aliweza kuwachelewesha, lakini hakuweza kuweka wake badala yao. Septemba 2022, mrithi wake akawateua.

Katiba mpya itakapoandikwa, neno “kushauriana” lifutwe, na Tume isiwe tena ya mtu mmoja.