Msanii Auze Samaki, Asiuze Mtumbwi

Imekuwapo kwa muda mrefu dhana kwamba kijana wa Ikola, kandokando ya Ziwa Tanganyika, akijaliwa kipaji cha muziki wa kufokafoka hana budi kufunga mzigo, kwenda Mpanda kupanda treni, na kutafuta jina Dar es Salaam. Dhana hiyo si ya kweli, na hasara yake ni kubwa.

Historia ya nchi hii yathibitisha vingine. Morogoro haikuwa makao makuu ya Taifa, lakini ndiko zilikostawi Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bendi zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Muziki wa kufokafoka nao umefuata njia hiyo. Arusha ilizaa X Plastaz, kundi lililochanganya mistari ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yake, Maasai Hip Hop, ikatolewa mwaka 2004. Vijana wengine wa mkoa huo, miongoni mwao Joh Makini, G Nako na Nikki wa Pili, waliunganisha nguvu wakaunda Weusi. Mwaka 2021 huyo Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Kabla yake, mwaka 2010, wananchi wa Mbeya Mjini walikuwa wamemchagua Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, kuwa Mbunge wao. Wale waliozoea kuuita muziki huu uhuni hawana budi kufikiri upya.

Hata hivyo, sifa ni jambo moja na haki ni jambo jingine. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyimbo za bendi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, zikapigwa miaka nenda miaka rudi. Nyimbo zilidumu, lakini wengi wa waliozitunga walizeeka katika ufukara, kwa kuwa mrabaha haukuwafikia. Ukweli huo ni mchungu, lakini haufai kufichwa, kwani ndio unaoweza kuwaokoa wanaochipukia leo.

Kijana wa leo anayejitegemea halazimiki kupanga foleni mbele ya mlango wa redio. Kwa kompyuta ndogo, kipaza sauti na simu, aweza kurekodi kijijini na kuutangazia ulimwengu kazi yake. Lakini mtego haukuondoka. Umebadili umbo tu. Akikosa fedha za kulipia studio, hutia sahihi mkataba asiouelewa, na kwa faraja ya siku moja huitoa kazi yake yote. Wenzake hurekodi pamoja na mtengeneza mdundo bila kuandikiana mgawo wa kila mmoja, na ugomvi huzuka siku wimbo unapopendwa.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo hautofautishi mtunzi wa jijini na wa kijijini. Lakini sheria isiyofahamika kwa anayelindwa nayo ni sawa na ngao iliyofungiwa ghalani.

Hapo ndipo unapoonekana wajibu wa mtumishi wa umma na mwalimu. Mwalimu wa Kiswahili aweza kumfundisha kijana huyo vina na matumizi sanifu ya lugha, na akamsomea mkataba, kifungu kwa kifungu, kabla hajatia sahihi. Ofisa utamaduni asingoje wasanii wamfuate ofisini kuomba vibali. Awafuate Ikola na Karema, awaeleze namna ya kujisajili BASATA na kusajili kazi zao COSOTA. Tena katika sherehe za wilaya na mkoa, msanii wa hapo hapo alipwe. Si haki anayetoka mbali alipwe fedha, na mwenyeji apewe soda na makofi.

Vijana nao wakumbuke kwamba kujitegemea si kujitenga. Waige mfano wa wenzao wa Arusha, washirikiane, watunze hesabu, wala wasidharau kazi nyingine ya halali inayowapa riziki wakati jina linajengwa.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana akijua kwamba taifa lisilothamini utamaduni wake halina roho. Kuuthamini utamaduni ni pamoja na kulinda jasho la anayeuzalisha. Mvuvi wa Ikola huuza samaki wake asubuhi, lakini hamkabidhi mchuuzi mtumbwi na nyavu. Msanii naye auze samaki, asiuze mtumbwi. Na waliosoma wamsaidie kutambua kipi ni kipi.