Shimo Jeusi Huchorwa kwa Kalamu

Wapo wasemao kwamba habari za mashimo meusi ni anasa kwa mwanafunzi wa Nkwenda, na kwamba zingoje hadi kila shule ya Kyerwa ipate kompyuta za kutosha. Mimi siafiki.

Shimo jeusi halionekani lenyewe. Tuonacho ni mwanga wa gesi ya moto sana inayolizunguka. Habari hii haikuanza mbali nasi. Tarehe 12 Desemba, 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Vipimo vyake vya eksirei zitokazo Cygnus X-1 viliwasaidia wataalamu kutambua kwamba huko kuna shimo jeusi.

Je, gesi hiyo ingeonekanaje kwa mtazamaji? Mwaka 1979 Mfaransa Jean-Pierre Luminet alitoa jibu. Kompyuta yake, iliyolishwa kadi zilizotobolewa, ilimpa tarakimu tu. Picha aliichora kwa mkono, nukta baada ya nukta, kwa wino. Ilidhihirika kwamba mvutano hupinda miali hata gesi iliyo nyuma ya shimo ikaonekana kama imeinuka juu yake, na kwamba upande unaotujia hung'aa kuliko unaotukimbia. Mwezi Aprili, 2019, picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi M87, ilitangazwa: kivuli cheusi ndani ya pete yenye upande mmoja mng'avu zaidi.

Basi hesabu ilitangulia picha kwa miaka 40. Nasi tuanze na hesabu. Kwa shimo lisilozunguka, mwali ulioelekezwa kupita karibu na kitovu kuliko mara 2.6 ya nusukipenyo cha shimo humezwa. Unaopita mbali kidogo zaidi hupinda sana, kisha huponyoka. Jua letu lingegandamizwa liwe shimo jeusi, nusukipenyo chake kingekuwa kilometa 3; lakini nusukipenyo cha kivuli chake kingeonekana kuwa karibu kilometa 8. Mwanafunzi na aeleze kwa nini, kisha aichore miali hiyo juu ya karatasi ya grafu.

Najua mwalimu ana muhtasari wa kumaliza. Lakini saa moja ya klabu ya sayansi yatosha kuanza. Kompyuta zikija, zitamkuta mwanafunzi anayejua cha kuziuliza. Tusimnyime hesabu hiyo kwa kungojea mashine.