Mizigo Imerudi Mombasa, Barua Bado Zapotea Nairobi



Majuzi nilipanda treni hadi Nairobi kwa shughuli ya ami yangu, wakala wa kutoa mizigo hapa Mombasa. Mteja wake ana ofisi mbili: ya zamani iko katikati ya jiji, ghorofa ya tatu karibu na Barabara ya Moi, na mpya iko Westlands, kwenye jengo la vioo. Hati za kontena zilitumwa Jumatatu kutoka mjini kwenda Westlands ili ziidhinishwe. Westlands waliapa hawakuona kitu. Mjini waliapa wametuma. Wote walikuwa wakweli. Barua ilikuwa imelala kwenye spamu, katikati ya matangazo ya bahati nasibu, na ilikuwa Alhamisi. Kontena liko Kilindini, siku za bure zimekwisha, gharama ya kuhifadhi inapanda.

"Wewe ndiye uliyechelewa," mteja akamwambia ami kwa simu. Hapo ndipo penye shida. Barua ikipotea Nairobi, bili inaletwa Mombasa.

Mnakumbuka 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe bandari ya Mombasa, baada ya miaka ya makontena kupelekwa kwa SGR hadi Embakasi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini wenye mizigo wengi hawakurudi nayo. Wako Westlands, Parklands, Industrial Area na katikati ya jiji. Kontena liko kwetu, karatasi ziko kwao, na kinachounganisha viwili hivyo ni barua pepe.

Sasa barua pepe yenyewe ina umri. Kanuni za msingi za kuituma ziliandikwa 1982, wakati waliokuwa mtandaoni ni watu wachache wa vyuo na wa jeshi la Marekani. Hakuna aliyeona haja ya kumwomba mtumaji kitambulisho. Ni kama bahasha ya posta: nyuma waweza kuandika jina la yeyote. Matapeli waliugundua mlango huo, na wakubwa wameanza kuufunga. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka mtumaji ajitambulishe, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku anabanwa zaidi. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa watumaji wakubwa. Kitambulisho chenyewe kina sehemu mbili hasa. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni. DKIM ni muhuri ambao mpokeaji anaweza kuukagua. Ofisi ndogo iliyokodi seva ya bei nafuu miaka kumi iliyopita huenda haina hata kimoja. Barua zake hazikataliwi kila mara. Zinatiliwa shaka, na shaka ni mbaya kuliko kukataliwa, maana aliyetuma hajui.

Programu nazo zina yake. Google ilifunga kuingia kwa nenosiri tupu kwenye programu za zamani 30 Mei 2022. Microsoft ikaanza kuwafungia wateja wake wa maofisini 1 Oktoba mwaka huohuo. Outlook 2010, ambayo niliiona kwenye kompyuta mbili za ofisi ile ya mjini, haiijui kabisa njia mpya ya Microsoft ya kuingia. Kisha 14 Oktoba 2025 Office 2016 na 2019 zikafikia mwisho wa kuhudumiwa, pamoja na Windows 10, ila kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda.

Siwacheki watu wa ofisi ile. Kompyuta inawaka, printa inachapa, mishahara inalipwa. Kwa nini mtu atupe? Mimi mwenyewe hii makala naiandika kwa mashine ambayo wanangu wanaiita ya babu. Ninachokikataa ni kumtupia wakala wa Pwani mzigo wa mtambo asioumiliki.

Na dawa si ghali. Kuongeza mstari wa SPF kwenye jina la tovuti hakulipiwi. Ni kazi ya saa moja kwa anayejua. Chama cha mawakala wa mizigo, KIFWA, kingeweza kuita wanachama siku moja Mombasa wakafundishwa hilo, na wakaandika kwenye mikataba yao kwamba hati inahesabika imefika pale mpokeaji anapothibitisha, si pale mtumaji anapobonyeza. Kipengele hicho kimoja kingemwokoa ami na ugomvi ule. Hivi sasa akituma barua hupiga simu kuuliza, "Umeiona?" Kama ni hivyo, barua ya nini?

Ofisi ya mjini ilikubali kurekebisha papo hapo. Kikwazo kikawa nenosiri la akaunti ya tovuti. Aliyelijua ni kijana mmoja aliyewafungulia mambo yote hayo, na sasa yuko kazini Doha. Tulimtafuta kwa WhatsApp, akajibu usiku uleule. Barua pepe hatukuthubutu kumtumia.