Ramani ya Angani Ikaguliwe Shambani

Wanachama kadha wameniuliza: picha zinazopigwa toka angani, kama zile za ndege zisizo na rubani zilizoanza kupigwa Unguja na Pemba mwaka 2016, zatosha kutuhesabia mikarafuu? Jawabu langu ni kwamba hazitoshi, mpaka mtu aende kwa miguu akatazame.

Chukueni mfano wa bara, Ushirombo, wilaya ya Bukombe. Ile ni nchi ya miombo, na miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Katika picha ya mwezi wa Agosti, msitu mkavu waweza kufanana na shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Ikipigwa nyingine kabla tu ya mvua, miti ile ile imechipua majani mekundu, na mchora ramani asiyepata kufika huko huenda akaandika kitu kingine kabisa.

Mkarafuu wetu haupukutishi hivyo. Lakini nao huchipua majani mekundu-mekundu, tena husimama baina ya minazi, miembe na mifenesi. Mimi mwenyewe, kwa mbali, nimepata kuuita mwembe mkarafuu.

Basi ikiletwa ramani, tuulize mahali pangapi pamekaguliwa, na pamechaguliwaje. Yataka pachaguliwe kwa kura, kila aina ya ardhi ipate fungu lake, hata mabondeni kusikofika gari. Na mkaguzi aandike alichokiona kabla ya kuonyeshwa ramani imesema nini, maana akijua mapema, jicho lake litakubali tu.

Wala tusiridhike na hesabu ya jumla. Tuseme pamekaguliwa mahali 100. Mahali 90 ni misitu na mazao mengine, na ramani imepatia pote. 10 ni mikarafuu, nayo imepatia 3 tu. Tutaambiwa ramani ni sahihi 93 kwa 100, na kweli ni 93. Lakini mikarafuu imepotea mahali 7 katika 10, na wenye mashamba wataambiwa hawana kitu. Tuulize na upande wa pili: palipoandikwa mikarafuu, pangapi ni mikarafuu kweli?

Mwanachama atakayefikiwa na mkaguzi, tafadhali amfikishe mpaka mwisho wa shamba, na amwonyeshe miche iliyo chini ya migomba. Hiyo haionekani toka juu.

Katibu