Mfupa Kuunga Si Mguu Kupona

Mfanyakazi akivunjika muundi hufungwa plasta, hupewa magongo, na huandikiwa siku ya kurudi hospitali. Wengi hurudi mara ya kwanza. Maumivu yakipungua, nauli ikiwa haba na msimamizi akianza kununa, hawaonekani tena. Miezi hupita, mfupa unaunga, lakini umeunga upande. Na mtu aliyekuwa akipanda ngazi na mzigo begani sasa anachechemea.

Twasema wazi kwamba mfupa kuunga si sawa na mguu kupona. Muundi wa mtu mzima huchukua kiasi cha miezi 4, na pengine 6 au zaidi, kushikana barabara. Uvimbe ukishuka, plasta hulegea, na mfupa waweza kuteleza kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Ndiyo sababu daktari hutaka picha nyingine za eksirei katika majuma ya mwanzo. Samaki mkunje angali mbichi: wakati huo huenda mguu ukanyoshwa na kufungwa upya pasipo kisu.

Na yule ambaye mfupa wake umekwisha kuunga vibaya asikate tamaa. Si kila mguu uliopinda unahitaji kupasuliwa. Lakini ukipinda kwa ubavuni zaidi ya nyuzi 5 hivi, ukisokoteka, au ukipungua urefu kwa zaidi ya sentimita 1, yafaa daktari wa mifupa aupime wote, tangu nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Uzito ukielemea upande mmoja kwa miaka, goti na kifundo huweza kuharibika. Wengine hutosha kuinuliwa soli ya kiatu. Wengine hukatwa mfupa, ukanyoshwa na kutiwa vyuma. Wote huhitaji mazoezi ya viungo.

Haya yote yataka siku za kutoka kazini. Katika Tanzania Bara ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015 ili kugharimia matibabu na utengemao wa aliyeumia kazini. Mwajiri asiyepeleka taarifa ya ajali, au anayemkata mtu mshahara kwa kwenda kliniki, anamnyima haki yake.

Viongozi wa matawi ya wafanyakazi hawana budi kuuliza: mwenzetu aliyevunjika mwaka huu, je, amerudi kupimwa? Kama hakurudi, ni nani aliyemzuia?